Tahadhari kwa Wanafunzi wa Famasia: Mhadhara Usio na Tarehe

Mtoto ana kilo 10. Ana malaria kali, amezidiwa, hawezi kumeza kitu, na daktari ameandika artesuneti ya sindano. Apewe miligramu ngapi kwa mkupuo mmoja? Mwanafunzi aliyejifunza kwa mhadhara uliorekodiwa mwaka 2014 atazidisha 2.4 kwa 10 na kujibu 24. Mwenzake aliyefundishwa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 atajibu 30, kwa kuwa tangu mwaka huo watoto wenye uzito wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Wote wawili wamesikiliza kwa makini, wote wamepiga hesabu bila kukosea. Hata mhadhiri wa 2014 alikuwa sahihi siku aliyosimama mbele ya kamera. Lakini mtoto wa leo akihesabiwa kwa sauti ya mwaka ule anakosa sehemu moja ya tano ya dawa yake, tena kwa ugonjwa unaoweza kuua kabla hakujapambazuka.

Ndiyo maana naandika haya sasa, nisingoje mtu aumie. Nawaandikia vijana wa famasia waliopanga vyumba hapa Arusha, huku Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro na Makao Mapya, wazazi wanaowalipia ada, wakufunzi wao, na wenye maduka ya dawa wanaowapokea. Hatari ninayoisema kwa sehemu kubwa bado iko kwenye simu, haijahamia kwenye dirisha la dawa. Ikishahamia huko hatutaiona tena kama video. Tutaiona kama mgonjwa ambaye hapati nafuu na hakuna anayejua kwa nini.

Nafanya kazi ya dawa Kaloleni, na kila msimu wa fildi hupokea wanafunzi, wengi wa vyuo vya kati, mmojammoja wa shahada. Zamani walikuja na madesa ya karatasi yaliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Siku hizi desa ni video. Linakaa kwenye flashi, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, linahama simu kwa simu usiku watu wakiwa wamekaa kitandani. Limeshakatwa vipande ili lisimalize bando, na kinachokatwa kwanza ni zile dakika mbili za mwanzo ambazo mhadhiri hutaja jina lake, chuo chake, somo na tarehe. Kinachobaki ni sauti inayojiamini na slaidi yenye jedwali la dozi. Karatasi iliyochakaa angalau ilikuonya kwa sura yake kwamba ni ya zamani. Video haizeeki. Ya miaka kumi iliyopita inang'aa kwenye kioo sawa na ya juzi.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na rekodi zenyewe. Faida zake nimeziona kwa macho na ningesikitika sana kama chuo chochote kingezipiga marufuku kwa sababu ya maneno yangu.

Fikirini kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaburuzana na Kiingereza sekondari, kisha anaingia darasa la famakolojia ambapo mhadhiri anazungumza kwa kasi kuhusu vipokezi vya beta na namna figo inavyoondoa dawa mwilini. Darasani ana nafasi moja tu ya kusikia. Akiwa na rekodi anarudisha nyuma, anasimamisha, anaandika neno, anauliza mwenzake, anaendelea. Kwa kijana wa namna hii rekodi inaondoa aibu ya kunyoosha mkono mara ya tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa hesabu za dozi na za kuchanganya miyeyusho, ambazo wengi hukwama hatua ya pili na mwalimu ameshafika ya tano. Kuna mama anayenyonyesha, kuna aliyelazwa wiki mbili, kuna aliyerudishwa nyumbani akatafute ada. Hao wote walikuwa wanapoteza masomo bila kosa lao.

Halafu kuna suala la umbali. Famasia ya shahada hapa nchini ilianzia Muhimbili mwaka 1974. Hata baada ya kufika Bugando jijini Mwanza na St. John's jijini Dodoma, mabingwa wa masomo kadhaa bado ni wa kuhesabika na wamekusanyika kwenye miji michache. Rekodi inamleta bingwa wa Dar es Salaam mpaka chini ya Mlima Meru bila nauli. Hilo si jambo dogo.

Na Arusha tuna sababu yetu ya kukumbuka thamani ya kufundishwa kwa mbali. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, aligundulika mkoani kwetu baada ya kushuka uwanja wa KIA. Siku mbili baadaye vyuo vyote vikaamriwa kufungwa, vikakaa hivyo hadi tarehe 1 Juni. Zaidi ya miezi miwili wanafunzi wa afya walikaa nyumbani wakati ambao nchi iliwahitaji kuliko wakati wowote, na waliokuwa na mihadhara kwenye simu zao walirudi darasani wakiwa na cha kuanzia.

Utafiti nao unaitetea rekodi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2021 kwamba wanafunzi wanaweza kutazama mhadhara kwa kasi ya mara moja na nusu, hata mara mbili, bila uelewa wao kushuka sana. Kwa hiyo sitawafokea wanaoongeza kasi. Neno langu kwao ni moja: waliopimwa walikuwa wakisikiliza lugha waliyoizoea. Anayepambana kwanza na Kiingereza, kisha na majina ya dawa, asichukue matokeo hayo kama ruhusa yake.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wa fani ya jirani. Kuanzia mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wa ngazi ya cheti wapande hadi stashahada bila kuacha vituo vyao. Maelfu walijiunga. Lakini tazameni ni akina nani hao: watu waliokuwa wameshachoma sindano, wameshazalisha, wameshafunga vidonda kwa miaka. Kompyuta iliwaongezea elimu juu ya mikono iliyokwisha kujua kazi, na mafunzo ya vitendo hayakuondolewa. Kijana wa mwaka wa kwanza famasia hana mikono hiyo. Akipewa video pekee, anaongezewa elimu juu ya kitu ambacho bado hakijajengwa.

Sasa nirudi kwenye tarehe, maana ndiyo inayonitia hofu kuliko yote.

Elimu ya dawa huchacha haraka. Tanzania ilitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida hadi mwaka 2001, ilipohamia SP. Mwishoni mwa 2006 tukaingia dawa mseto, ALu. Yaani ndani ya miaka isiyotimia saba swali moja la mtihani, la ugonjwa tunaouona kila siku, lilikuwa na majibu matatu, na kila jibu liliwahi kuwa sahihi. Matibabu ya VVU yalibadilika tena kuanzia 2019 dolutegraviri ilipoingizwa kwenye mstari wa mbele. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu una toleo la 2021, na mwenye toleo la nyuma anaona tofauti akifungua kurasa chache tu. Kitabu hubeba mwaka wake mgongoni. Mhadhara uliokatwa vipande hubeba nini?

Nitawapa njia ya kuutambua. Mkisikia mhadhiri anaitaja TFDA kama taasisi inayosajili dawa, jueni rekodi hiyo ni ya kabla ya katikati ya 2019, kwa sababu mwaka huo kazi za chakula zilihamia TBS na taasisi ikawa TMDA. Mkisikia vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTE badala ya NACTVET, ni vivyo hivyo, rekodi ina umri. Dalili hizi hazithibitishi kwamba dozi zilizotajwa ni mbovu. Zinawaambia msiandike dozi yoyote kwenye daftari kabla ya kuilinganisha na mwongozo unaotumika sasa.

Baada ya tarehe, ulizeni nchi. Mihadhara mingi iliyo wazi mtandaoni imerekodiwa Marekani na India. Walimu wake ni wazuri, baadhi ni hodari kuliko wengi wetu. Lakini Mmarekani atawafundisha albuteroli, nanyi dukani mtakuta salbutamoli. Atasema epinefrini, kwenye sanduku la dharura imeandikwa adrenalini. Asetaminofeni yake ndiyo parasetamoli yetu, gliburidi yake ndiyo glibenklamidi yetu, rifampini yake ndiyo rifampisini ya mgonjwa wetu wa kifua kikuu. Mwanafunzi mwangalifu atayaoanisha. Aliyekariri usiku wa kuamkia pepa atadhani ni dawa mbili, na siku moja atampa mgonjwa zote mbili kwa pamoja. Parasetamoli ikizidi inaharibu ini kimyakimya. Mgonjwa anaweza kujisikia nafuu siku ya kwanza na kurudi siku ya tatu akiwa mahututi.

Majina ya biashara ni mtego mkubwa zaidi. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wananchi wake wanaonunua dawa wakiwa safarini: jina Dilacor, ambalo kwao ni diltiazemu, nchini Serbia ni jina la digoksini. Ni dawa mbili za moyo, lakini digoksini ina nafasi ndogo mno kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua. Jina lilelile, nchi tofauti, sanduku lina kitu kingine. Basi kijana wa Kaloleni anayejifunza kwa majina ya biashara ya kwingine anajifunza maduka ambayo hatayaingia.

Vipimo navyo. Sukari ya damu Marekani husomwa kwa miligramu kwa desilita. Hospitali zetu husoma kwa milimoli kwa lita. Ile 126 ya kwao ndiyo 7 yetu. Mzee akifika na karatasi ya kliniki iliyoandikwa 18, na mhudumu aliyezoea mizani ya video akaiona ni namba ndogo na kumwambia ale kitu kitamu, hapo hatuzungumzii tena mtihani. Milimoli 18 ni sukari iliyopanda sana, zaidi ya 320 kwa mizani ya Kimarekani.

Nije kwenye jambo ambalo rekodi haiwezi hata ikiwa mpya, hata ikiwa ya mhadhiri wetu wenyewe aliyetaja tarehe na chuo. Haiwezi kukusikia.

Mwanafunzi anaweza kutaja dalili zote za nimonia kwa Kiingereza kisafi. Siku ya kwanza dirishani anakuja mama amembeba mtoto mgongoni, anasema, "Kaka, nipe rangi mbili za mia tano." Rangi mbili ni kapsuli, antibayotiki kadhaa zina rangi mbili. Mia tano haifikishi dozi. Mtoto hajapimwa. Nani anaumwa, mama au mtoto? Ameanza lini? Amekwisha kumeza nini nyumbani? Ana kilo ngapi, na kadi ya kliniki iko wapi? Hakuna slaidi ya swali hili. Linajibiwa na mtu aliyesimama kando ya mkubwa wake kazini, akamsikia anavyouliza bila kumdhalilisha mama, anavyokataa kuuza nusu dozi bila kumfukuza, anavyomwelekeza Kituo cha Afya Kaloleni ambacho kiko hapa hapa. Na anakuja mzee kutoka miteremko ya Meru ambaye Kiswahili chake ni cha kukatakata. Anaitikia "ndiyo" kwa kila unachomwambia kwa sababu ya adabu, na usipomwomba akurudishie maelezo kwa maneno yake, ataondoka na vidonge asivyojua kama ni vya asubuhi au vya jioni.

Mwaka 2019 peke yake, watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyogoma kusikia dawa. Usugu huo unalishwa kila siku kwenye madirisha kama ya kwetu, kwa nusu dozi na kwa antibayotiki za mafua. Kuuzuia kunahitaji sikio na ujasiri wa kusema hapana, na ujasiri huo mtu huupata kwa kuangalia watu wakiutumia.

Mkono nao una shule yake. Chukua chupa ya amoksilini ya unga. Igonge kwanza ili unga ulioganda chini uachie. Tia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, sehemu tu, tikisa mpaka mabonge yote yaishe, kisha ongeza mpaka kwenye alama, tikisa tena. Ukimimina yote kwa mara moja unga unaganda ubavuni, na mtoto atakunywa dozi nyepesi siku za mwanzo na nzito siku za mwisho. Halafu muulize mama kama ana friji. Video itasema siku 14 kwenye ubaridi. Kwa vyumba vingi vya kupanga hapa mtaani chupa itakaa juu ya meza, na muda wake unakuwa mfupi, kwa kawaida siku 7, kama kibandiko kinavyoelekeza. Soma kama ni miligramu 125 au 250 kwa kila mililita 5. Mpe kipimo, mwonyeshe mstari, kwa sababu vijiko vya nyumbani havina ukubwa mmoja. Nimewaona vijana waliopata alama za juu wakiishika chupa hii kama kitu kigeni. Siwalaumu, hawakuwahi kupewa chupa.

Ni vivyo hivyo kwa kivuta-pumzi cha pumu. Kukitikisa, kutoa hewa, kufunga midomo vizuri, kubonyeza wakati uleule unapovuta taratibu, kushikilia pumzi kama sekunde kumi: anayetazama ataapa kuwa anajua. Mpe akishike mkononi uone. Wengi hubonyeza kabla hawajaanza kuvuta, dawa inaishia ulimini, na mgonjwa anarudi wiki ijayo akisema haimsaidii.

Hilo la "kuapa kwamba unajua" ndilo ugonjwa wa rekodi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kukumbuka bila kulitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki moja waliojipima waliwapita kwa mbali. Kurudia kunaleta raha ya kuzoea, na tunaichukua raha hiyo kuwa ni ujuzi. Video iliyotazamwa mara tatu ni hatari kwa namna hii hii: mara ya tatu hakuna kinachokushangaza, unafunga simu ukiwa na imani. Watafiti wa Harvard mwaka 2013 walikata mhadhara wa video vipande vifupi na kuweka maswali kila kipande kilipoisha. Kuzurura kwa mawazo kulipungua takriban kwa nusu. Kwa hiyo tiba ipo, na haihitaji fedha. Simamisha kila baada ya dakika tano au sita. Funika kioo. Andika ulichosikia. Fungua, sahihisha.

Tena hili tulilijua zamani kwetu wenyewe. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa redio. Sauti ilitoka Dar es Salaam ikasikika nchi nzima, na msikilizaji hakuweza kuiuliza swali, kama vile mwanafunzi wa leo asivyoweza kuiuliza video. Waliobuni kampeni ile walilitambua pengo hilo, wakalijaza kwa watu: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, wananchi wanaokadiriwa milioni mbili wakakaa kwenye vikundi na vijitabu vyao, wakasikiliza pamoja, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake hata wiki moja. Na hapa Kaloleni, penye jengo la makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967, hatupaswi kufundishwa na mtu wa mbali maana ya kusoma kwa pamoja.

Kwa hiyo, wanafunzi, fanyeni yafuatayo kuanzia muhula huu. Rekodi yoyote isiyo na jina la mhadhiri, chuo na mwaka isitumike kujifunza dozi. Itumieni kwa yale yasiyochacha haraka, kama kemia ya msingi, namna ya kukokotoa, jinsi moyo unavyosukuma damu. Dozi, dawa ya kwanza ya ugonjwa, muda wa kutumia, sheria, hayo yatoke kwenye mwongozo wa taifa wa sasa, ufunguliwe pembeni video ikiendelea. Tazameni wawili au watatu, mmoja akiwa na kazi ya kusimamisha na kuuliza. Na msikubali kuacha kipindi cha maabara au siku ya fildi kwa hoja kwamba "video ipo". Video itakuwepo kesho. Mfamasia aliyepanga kukusimamia leo ana zamu nyingine kesho.

Pakueni mapema mnachokihitaji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, na waliokuwa wanategemea kutazama moja kwa moja walibaki na kioo kinachozunguka. Umeme nao mnaujua.

Kwa wakufunzi ombi langu ni zito zaidi, maana ninyi ndio chanzo. Mkirekodi, semeni tarehe mwanzoni, katikati na mwishoni, na iandikeni kwenye kona ya kila slaidi, ili hata kipande cha dakika tatu kiwe na mwaka wake. Tajeni toleo la mwongozo mnalolitumia. Kila mwaka mmoja wenu apewe kazi ya kupitia rekodi za zamani, na zilizopitwa ziondolewe, au ziwekewe onyo kubwa lisiloweza kukatwa. Pia msiruhusu uongozi wowote kupunguza saa za maabara kwa sababu mihadhara imeshawekwa kwenye simu. Kishawishi hicho kipo, kwani rekodi ni nafuu kuliko mizani, vinu na kemikali. Chuo kikiahirisha kununua mizani mwaka mmoja, hasara inabebwa na mgonjwa wa mwaka wa tatu baadaye.

Wenye maduka, ninyi nawaomba kwa heshima: mwanafunzi aliye fildi asiachwe peke yake dirishani hata kwa nusu saa ya chakula cha mchana. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 iliunda Baraza la Famasi ili kazi hii ifanywe na waliosajiliwa, na anayejifunza afanye chini ya macho yao. Mkimwacha peke yake, swali likimshinda ataangalia kwenye simu. Huko atakuta jibu, lenye sauti nzuri na slaidi ya rangi, na hatajua ni la mwaka gani wala la nchi gani. Kuna dawa zisizosamehe. Methotreksati ya ugonjwa wa viungo hunywewa mara moja kwa wiki. Ikiandikwa "kila siku" kwenye bahasha, inaua uboho wa mifupa. Metformini na metronidazoli zina majina yanayoanza sawa na zote zina vidonge vya miligramu 500. Zimeshachanganywa katika nchi zenye kompyuta kila dirisha. Mkubwa aliyesimama nyuma ya kijana huliona kosa kabla bahasha haijafungwa.

Na wazazi. Mnapokwenda chuoni kuuliza ada, ulizeni pia maabara iko wapi, ifunguliwe muione. Ulizeni mwanenu atakaa saa ngapi kwa wiki akishika dawa kwa mikono, na fildi atasimamiwa na nani. Chuo kizuri kitafurahi kuulizwa. Kikijibu kwamba masomo yote sasa yako mtandaoni na ni rahisi kwa mwanafunzi, ombeni majibu zaidi kabla ya kulipa.

Mwisho, kwa yeyote ambaye ameshawahi kurusha kipande cha video chenye jedwali la dozi kwenye kundi la darasa bila kujua kimetoka wapi: rudi leo kwenye kundi lilelile. Andika kwamba hukujua mwaka wake, waombe wenzako wakifute, na uweke mahali pake ukurasa wa mwongozo wa taifa wa sasa unaohusu dawa hiyo. Ukiwa na shaka ni ukurasa upi, usibahatishe. Beba swali lako kwa mkufunzi wako, au njoo nalo dirishani kwa mfamasia asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, tulifungue pamoja.